Majibu Kumi na Mawili ya Delmar

Barua ya kaunti ilifika Februari. Arlys Tveten aliisoma palepale kwenye sanduku la posta barabarani, miguu ndani ya theluji, kwa sababu bahasha yenye muhuri wa serikali haikaribishwi ndani kabla haijajieleza. Ilisema kwamba ndugu yake Delmar, mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, atatembelewa na mtaalamu wa ustawi wa jamii ili aandikiwe "Mpango wa Maisha Yangu". Ataulizwa kama maisha anayoishi ameyachagua mwenyewe. Ikionekana hakuyachagua, kaunti itapendekeza kwa hakimu ahamishiwe nyumba ya pamoja mjini, akaishi na wenzake chini ya uangalizi. Juu ya barua kulikuwa na picha ya watu wanne wanaocheka. Arlys hakumjua hata mmoja wao, na hakuona walichokuwa wanachekea.

Msimhukumu haraka mkasema ni mama mzee asiyependa serikali. Delmar alipozaliwa, daktari bingwa alimwangalia macho na viganja, kisha akamwambia mama yao, Borghild, maneno ambayo Borghild aliyarudia mpaka siku ya kufa. Kwamba mtoto huyu hatatembea, hatasema, hatamjua mama yake. Ampeleke kwenye taasisi ya serikali leo hii, kabla maziwa hayajatoka, amsahau, azae mwingine. Daktari alikuwa na vyeti vitatu ukutani na hakuna aliyethubutu kumbishia. Borghild hakubisha. Alimfunga mtoto ndani ya koti la mumewe, akapanda gari, akarudi shambani kukamua. Sasa wajukuu wa shule ileile aliyosomea daktari yule wamekuja kutangaza kwamba kuwafungia watu kwenye taasisi ilikuwa kosa kubwa la kizazi kilichopita, na kwamba namna ya kulitubu ni kumtoa Delmar kwao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Borghild alipokuwa anakufa alimshika Arlys mkono akamwapisha: Delmar asilale hata usiku mmoja mahali penye bango la taasisi mlangoni. Arlys aliapa. Kiapo hicho kilimgharimu. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa bonde la pili, muuza matrekta, mtu mpole, aliyesema yuko tayari kumwoa, ila kuhusu Delmar... hapo akasita. Arlys hakungoja amalize kusita.

Basi wakabaki wawili, na ng'ombe ishirini na wawili. Mabanda mengine yote ya bonde lile yalikwisha nyamaza, wenyewe wameuza mifugo na kuhamia karibu na hospitali. Arlys alikuwa na miaka sitini na sita na nyonga mbovu, na kila Jumapili kwenye kahawa baada ya ibada watu walimwuliza anangoja nini. Jibu lake halikubadilika. "Mimi ningeuza kesho asubuhi. Lakini ng'ombe ndio pumzi ya Delmar. Ukimwondolea ng'ombe umemzika." Watu walitikisa vichwa kwa heshima, wakamwongezea kahawa.

Aliyemletea maswali ya kaunti alikuwa Ardis Skogen, jirani na binamu, mwanamke ambaye siri ikikaa kwake hupata watoto.

"Ni kumi na mawili, shoga," Ardis alisema, akifungua karatasi kwenye meza ya jikoni. "Nimeyanakili yote nyuma ya ratiba ya kwaya."

"Umeyapata wapi?"

"Usiniulize, nami sitakwambia uongo. Si unamkumbuka mpwa wa mume wangu, yule wa Tollefson? Walimjia vuli. Wakamwuliza, unataka nini maishani? Akawaambia anataka kuwa zimamoto. Sasa yuko mjini."

"Amekuwa zimamoto?"

"Anafagia duka la viatu. Lakini kachagua mwenyewe, wanasema. Mama yake anaenda kumwona Jumamosi kwa miadi."

"Kwa miadi! Kama daktari wa meno."

"Ndiyo hivyo, mwenzangu. Wanakuja na sauti laini. Usiache hata neno moja likadondoka mahali pabaya."

Machale yalikuwa yamemcheza Arlys tangu siku ya barua. Sasa yakatulia yakawa mpango. Alijua la kufanya, kwa sababu alikwisha lifanya. Delmar alipofika umri wa kipaimara, mchungaji wa wakati ule alimwita Arlys ofisini, akamweleza kwa upole kwamba Bwana anawapenda hata wasioweza kujibu maswali ya katekisimu. Arlys akasema asante mchungaji. Majira yote ya baridi, asubuhi na jioni, mashine za kukamulia zikipiga pumzi zao, aliuliza naye Delmar akajibu, swali baada ya swali, mpaka maneno yakamwingia kama njia ya kutoka nyumbani hadi zizini. Jumapili ya kipaimara Delmar alisimama mbele ya kanisa zima, tai shingoni, mikono imenyooka mapajani, akajibu yote bila kukosa. Vijana wenye akili zao walikosa, yeye hakukosa. Wazee walitoa vitambaa vya kufutia machozi. Kuna watu bondeni mpaka leo hawakumbuki harusi zao wenyewe vizuri kama wanavyoikumbuka siku ile.

Kwa hiyo mwezi mzima, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri, darasa likafunguliwa tena.

"La kwanza. Unaishi wapi, na nani?"

"Naishi nyumbani na dada yangu Arlys na ninafurahi."

"La pili. Nani alichagua uishi hapo?"

"Nilichagua mwenyewe kwa hiari yangu."

"Sauti, Delmar. Msemee yule ng'ombe wa mwisho kule. La tatu. Jumapili unafanya nini?"

"Naenda kanisani, nakaa kiti cha tatu, naimba."

Hakumfundisha uongo hata mmoja. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, ila ukweli nao huchanwa nywele kabla ya kutoka mbele ya wageni. Ndugu yake akikosa alimrudisha mwanzo. Akipatia alimpa kipande cha sukari guru ya utomvu wa mti wa mshira, na Delmar aliacha mwiko wa kukorogea maziwa ya ndama ukielea ndani ya ndoo ili apokee kwa mikono miwili.

Mtaalamu alifika mwishoni mwa Machi, mchana, matope yakiwa yamejaa uani. Jina lake Shauna Pritchett, binti wa miaka kama thelathini, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Arlys aliliona hilo na likamtia shaka zaidi. Wamewafundisha darasani, alijisemea. Akamkaribisha kahawa na keki ya tufaha iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Asante sana, mama. Inanukia vizuri. Ila kanuni haziruhusu nipokee kitu kutoka kwa familia."

Hapo Arlys akawa amekwisha maliza hesabu zake. Kwa watu wa kwao, anayekataa keki jikoni kwako amekuja kukuchukulia kitu.

Binti akazungushwa nyumba. Alitazama kitanda cha Delmar ghorofani, akatazama picha za matrekta ukutani, akasema chumba kizuri, kinatazama mashariki. Akasimama kwenye mlango wa ngazi, ule unaotoka jikoni kwenda ghorofani.

"Komeo hili ni la nini?"

"La baridi."

"Liko upande wa jikoni. Mtu aliye juu hawezi kulifungua."

"Jiko la kuni nalo liko upande wa jikoni," Arlys akasema. "Mlango usipofungwa huku, joto lote hupanda kupasha popo darini."

Binti akatabasamu, akaandika kitu kwenye kishikwambi chake. Uandishi ule wa kugusa kioo bila kelele ulimwudhi Arlys kuliko yote. Kalamu angalau unaisikia inapokusengenya.

"Na kazi ya zizini, Delmar anaifanya kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Ndiyo raha yake."

"Analipwa?"

"Analipwa na nani? Ni shamba lake. Wewe ulipoosha vyombo kwenu ulilipwa?"

"Nilikuwa na miaka kumi, mama," Shauna akasema, na akaandika tena.

Delmar alikuwa anangoja jikoni. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, nywele zimelowekwa na kulazwa, na Shauna alipoketi yeye akasimama, mikono imenyooka mapajani. Arlys alisimama nyuma ya kiti cha mgeni, mahali ambapo Delmar angeuona uso wake.

"Delmar, nimefurahi kukufahamu," Shauna akasema. "Unaweza kukaa. Hapana? Haya, simama ukipenda. Mimi sipendi kuanza mwanzo, nitaanza popote. Niambie, nani anaamua saa ya wewe kuamka?"

Hilo lilikuwa swali la saba.

"Naishi nyumbani na dada yangu Arlys na ninafurahi," Delmar akasema, kwa sauti ya kumfikia ng'ombe wa mwisho.

Shauna akapepesa macho. "Sawa. Na kama una rafiki, anaweza kuja kukutembelea hapa?"

"Nilichagua mwenyewe kwa hiari yangu."

"Anza la kwanza, binti," Arlys akadakia. "Anza kwa mpangilio, utaona anajua."

Shauna hakugeuka. Aliuliza swali lake la tatu, tena taratibu sana. "Delmar, ukiugua unamwambia nani?"

"Naenda kanisani, nakaa kiti cha tatu, naimba."

Delmar alitazama uso mmoja, akatazama wa pili, akaona kuna kitu hakikwenda sawa. Akajaribu kuwasaidia.

"Dada kanifundisha," akasema kwa fahari. "Yote kumi na mawili. Sikosi."

Hakuna kibao ambacho kingemuuma Arlys kuliko fahari ile. Shauna alikizima kishikwambi na kukilaza kifudifudi mezani.

"Mama, nitakuomba utupishe nusu saa."

"Hii nyumba yangu."

"Najua. Lakini lazima nizungumze naye peke yake. Nikiandika nilichosikia mpaka sasa, hakimu atasoma kwamba mtu huyu anaambiwa hata la kusema."

"Nyinyi mlitaka kumchukua tangu siku aliyozaliwa."

"Mama, mimi sikuwa nimezaliwa."

"Waliokufundisha walikuwepo."

Arlys akatoka, maana kubaki kungekuwa kumwandikia hati ya mashtaka kwa mkono wake mwenyewe. Alivaa mabuti, akashuka ngazi za uani akiguna kwa maumivu ya nyonga. Alipofika chini hakuelekea zizini. Aliizunguka nyumba, akasimama kwenye matope chini ya dirisha la jikoni, lililokuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto la jiko. Mwanamke ambaye hajawahi kufungua barua ya mtu, mwalimu wa shule ya Jumapili miaka thelathini, amejibana ukutani anadukiza. Wala hakuona haya. Alitaka kusikia binti yule atakavyomtega ndugu yake, neno kwa neno, ili aje amwambie hakimu.

"Kaa, Delmar," sauti ya Shauna ilisema. "Leo hakuna la kukosa."

Kiti kilisogezwa. Saa ya ukutani ilihesabu, na binti yule hakusema kitu. Arlys chini ya dirisha alikuwa anatafuna midomo. Muulize basi! Mbona humwulizi? Alijua lazima uulize la pili upesi kabla Delmar hajapotea.

"Utakula keki?" Delmar akauliza.

"Wewe ndiye unanikaribisha?"

"Ndiyo. Mimi."

"Basi nitakula. Kanuni zinakataza ya familia. Ya mteja hazijasema."

Visahani vikagongana. Walikula, Arlys akiwasikiliza wanavyotafuna keki yake, na hasira ikampanda upya: kumbe anakula. Kisha Delmar akazungumza, mdomo umejaa, bila kusimama, kwa sauti yake ya kawaida ambayo Arlys hakuisikia mwezi mzima.

"Kuamka saa kumi na nusu."

"Enhe. Unapenda?"

"Goti linauma. Hili. Na hili pia."

"Umemwambia dada yako?"

"Hajauliza."

"Ungeachiwa, ungeamka saa ngapi?"

"Jua likiingia chumbani. Dada anasema linaingia. Mimi sijaliona."

"Na ng'ombe wako je? Si ungewakosa?"

"Si wangu," Delmar akasema, kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyekosea jina. "Ng'ombe ni wa dada. Anawapenda sana. Akiwa nao peke yake atasikitika."

Arlys aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na baridi na ulikuwa umelowa.

"Delmar, mjini kuna nyumba," Shauna akaendelea. "Ukitaka, unaweza kwenda kuiona. Hakuna anayeamshwa alfajiri."

"Dada yupo?"

"Hapana. Kuna watu wengine watatu."

"Basi hapana. Chukua keki nyingine."

Hakuna aliyemtega mtu. Arlys alisubiri mtego mpaka mwisho na haukuja, na hilo lilimuumiza kuliko kama ungekuja. Maisha yake yote alimshuku daktari, mchungaji, kaunti, muuza matrekta, hata Ardis na karatasi zake. Katika kushuku kote huko hakuwahi kujishuku mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akiwaambia watoto wa shule ya Jumapili, na watoto walikuwa wakipekua nguo zao wakicheka.

Shauna alimkuta uani, mabuti yake yamejaa matope ya upande ambao mtu wa zizini hapiti. Aliyatazama, akanyamaza. Hilo Arlys alimwekea upande wa mazuri, ingawa upande huo haukuwa na mengi.

"Nitapendekeza abaki nyumbani," Shauna akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo anavyotaka. Lakini magoti nimeyaandika. Daktari ayaone mwezi huu. Na nitarudi baada ya miezi sita."

"Na komeo?"

"Nimeandika ni la baridi. Ningeomba ulihamishe lakini. Nyumba ikishika moto, mama, hilo komeo halitajua ulikuwa na nia gani."

Arlys hakusema asante. Mtu haachi kazi ya kushuku ya miaka hamsini kwa mchana mmoja. Alisimama akaangalia gari likiondoka mpaka likakata kona ya kanisa, ahakikishe limeondoka kweli. Kisha akaenda ghalani akachukua bisibisi, na kabla ya ukamuaji wa jioni komeo lilikuwa limekwisha toka mlangoni.

Jioni walikula viazi na nyama ya nguruwe. Delmar alikuwa bado na tai, amekataa kuivua. Arlys aliosha vyombo naye akapangusa, kama siku zote, na ingekuwa uongo kusema Arlys alikuwa mtulivu. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu mchana. Akaona akilichelewesha atalifunika, na akilifunika litaoza.

"Delmar. Nikiwauza ng'ombe, utaonaje?"

Delmar akaweka kitambaa chini. Akanyooka, mikono mapajani, akamkodolea dada yake macho usoni, anatafuta. Arlys aliyajua macho hayo. Aliyaona mbele ya madhabahu, akayaona mwezi mzima zizini, na sikuzote alidhani ni macho ya mtu anayekumbuka. Kumbe alikuwa anamsoma. Jibu alikuwa analichuma kwenye uso wake.

Basi Arlys akageuka. Akampa mgongo, akainamia sinki, akatazama povu. Akangoja. Mara tatu neno lilimfika mdomoni la kumsaidia, mara tatu akalimeza. Hakuwahi kujua kwamba kungoja ni kazi nzito namna ile, na akamkumbuka yule binti kwa chuki yenye heshima kidogo ndani yake.

"Uza," Delmar akasema.

Shaka likamrukia palepale, halikuwa na adabu hata siku hiyo. "Yule binti ndiye kakwambia useme hivyo?"

"Hapana."

"Ardis?"

"Hapana. Nyonga yako. Alfajiri ukishuka ngazi unalia. Kidogo kidogo. Unadhani nimelala." Akaokota kitambaa, akaendelea kupangusa sahani. "Nakusikia kila siku. Ndiyo maana naamka."

Arlys alilia hapohapo kwenye sinki, kwa sauti, na hakujaribu kumficha.